Tarehe ya Ufunguo wa Katapila

Lugha yetu imeupa ufunguo jina la nusu moja tu ya kazi yake. Chombo hicho hicho hufunga mlango jioni na kuufungua asubuhi, lakini wahenga walioliunda neno hilo hawakuona haja ya kukiita kwa kufunga. Walikiita kwa kufungua, wakaliachia kufuli, neno lililotufikia kutoka kwa Waarabu, lawama yote ya kuzuia. Mtu akiifuatia tarehe ya ufunguo wa mitambo mikubwa ya ujenzi, yaani makatapila, magreda, vijiko vya kuchimbia na rola za kushindilia barabara, ataona kwamba kwa muda mrefu ufunguo huo ulilistahili kabisa jina lake, maana ulimfungulia kila aliyekuja wala haukumzuia yeyote, na kwamba ni katika siku hizi za karibu tu, ulipotiwa ndani yake sauti isiyosikika kwa masikio ya binadamu, ndipo ulipojifunza kukataa. Tarehe hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa kuwa ndani yake mna habari kubwa kuliko vyuma: nani aliaminiwa, aliaminiwa na nani, na uaminifu huo ulivunjika lini.

Katika miji ya pwani mlango ulikuwa cheo cha nyumba kabla haujawa kinga yake. Mlango wa Unguja au wa Lamu, wenye mbao mbili zinazokutana penye mfaa ulionakshiwa kwa patasi, ulifungwa kwa mnyororo uliotiwa kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa na bwana mmoja au bibi mmoja aliyejulikana mtaa mzima. Wamisri wa kale, waliokuwa na komeo la mti lenye vijiti vinavyoanguka matunduni, na Linus Yale wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1860 alilirudia wazo hilo hilo kwa madini na kulidogesha hata ufunguo wake ukatosha mfukoni, wote walifuata kanuni moja: kila kufuli liwe na siri yake, na kila siri iwe na mwenyewe. Ajabu ya mitambo ya ujenzi ni kwamba ilizaliwa baada ya kanuni hiyo kukamilika, ikaikubali kwa jina, kisha ikaivunja kwa makusudi.

Mwanzoni haikuwa na ufunguo hata kidogo. Siku ya sikukuu ya kushukuru ya Wamarekani, mwezi wa Novemba 1904, karibu na Stockton katika California, Benjamin Holt alilijaribu trekta lake la mvuke ambalo magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yameondolewa na minyororo mipana ikawekwa mahali pake, ili lisizame katika udongo laini wa mabonde ya mto. Na baadaye mpiga picha mmoja aliyeliona likijikokota akalifananisha na kiwavi. Jina la Kiingereza la mdudu huyo, Caterpillar, likawa alama ya biashara. Likawa jina la kampuni mwaka 1925, ilipoungana kampuni ya Holt na ile ya C. L. Best aliyekuwa mshindani wake. Kisha likavuka bahari likawa katapila katika vinywa vya watu wetu, hata leo buldoza la kiwanda chochote huitwa katapila bila ya kuulizwa kabila lake, isipokuwa kwa wale wanaopendelea kuliita tingatinga kwa kuufuata mlio. Mashine za mvuke hazikuwa na haja ya kufuli. Mvuke hauwashwi kwa kugeuza kiganja. Kuni au mafuta huwashwa, maji huchemka, na mwizi hana subira ya kungoja birika la ukubwa wa nyumba lichemke ilhali wenye mali wamelala hatua mia kutoka hapo.

Mwaka 1931 kampuni hiyo ilitoa trekta la minyororo lililoitwa Diesel Sixty, na hapo ulinzi wa shida ukapata sura mpya. Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kuibana hewa ndani ya silinda kubwa namna ile kulihitaji nguvu ambayo mkono wa binadamu hauna, wala betri za siku zile hazikuwa nayo. Basi mafundi waliifunga ubavuni mwa injini kubwa injini ndogo ya petroli, mtoto wa kumwamsha mama yake. Dereva alifika alfajiri, umande ungali juu ya kiti, akafungua bomba la petroli, akavuta choki, akaizungushia kamba injini ndogo na kuivuta kwa mshtuko mmoja, au wa pili, au wa kumi huku akilaani kimoyomoyo. Ikisha kuitika aliiacha ingurume mpaka maji yake ya moto, ambayo ndiyo yaliyozunguka katika injini kubwa pia, yaupashe mwili wa mama joto. Ndipo aliposhika wenzo wa kulegeza mbano wa silinda, akaingiza klachi ndogo, akaiacha injini kubwa izunguke bila kazi huku oili ikipanda taratibu. Mwisho akaurudisha mbano, akafungua dizeli, na moshi mweusi ukapaa, na kambi nzima ikajua kwamba kazi imeanza. Kwa aliyefundishwa, hiyo ilikuwa desturi ya kila siku kama kutawadha. Kwa mwizi wa usiku ulikuwa mtihani wa masomo sita gizani, tena wenye kelele. Siri ya mtungi aijuaye kata: ujuzi ndio uliokuwa ufunguo, na ufunguo wa namna hiyo hauwezi kuchopolewa mfukoni mwa mtu.

Umeme ndio uliouondoa ulinzi huo, nao uliuondoa kwa nia njema. Tangu mwaka 1912, gari la Cadillac lilipotiwa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, hendeli iliyokuwa ikivunja mikono ya madereva ilianza kuondoka duniani; na mwaka 1949 magari ya Chrysler yakaziunganisha kazi mbili katika tundu moja, ukawa ufunguo ule ule unaowasha umeme ndio unaoizungusha stata. Mitambo mizito ilifuata nyuma kwa mwendo wake wa kiwavi. Betri zilipopata nguvu na stata za volti 24 zilipoweza kuibana hewa ya dizeli bila ya msaada, injini ndogo ya petroli ilistaafishwa, na ibada ile ya alfajiri ikafupishwa ikawa mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono. Ndipo ufunguo ulipoingia rasmi katika maisha ya katapila, nao uliingia kama swichi, si kama kinga. Aliyeunda tundu lile alitaka dereva awe na mahali pa kuanzia, na suala la mwizi hakulitia katika hesabu zake.

Fikira hiyo ilikuwa na jamaa zake jeshini. Jipu za mwanzo za jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Pili zilitiwa ufunguo wenye alama H700, ufunguo mmoja kwa magari yote, kisha hata huo ukaonekana kuwa anasa, ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa swichi ya kugeuza kwa vidole. Hekima yake haihitaji mfasiri: askari anayefukuzwa na risasi hawezi kupekua mifuko ya maiti akitafuta ufunguo wa gari.

Vita vilipokwisha, mitambo ya jeshi iliyobaki ilitapakaa duniani kutafuta kazi ya amani, na sehemu yake ilifika kwetu. Mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wake wa karanga katika Tanganyika, kwa azma ya kufyeka ekari zaidi ya milioni 3, trekta na mabuldoza yaliyopelekwa Kongwa katika nchi ya Wagogo yalikuwa kwa sehemu kubwa mabaki ya vita, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino. Na baadaye vikaja hata vifaru vya Sherman vilivyovuliwa mizinga na kugeuzwa trekta, vikaitwa Shervick. Hatima yake inajulikana: mwaka 1951 mradi uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Ninaloliona mimi katika habari hiyo ni kwamba walioiangusha Kongwa hawakuwa wezi. Walioiangusha ni udongo uliogeuka saruji wakati wa kiangazi, mizizi ya mibuyu, mvua isiyotimiza ahadi, na vipuri visivyofika. Katika kambi kama ile, ambamo mtambo mzima hufunguliwa viungo ili kumtibu mwenziwe, na ambamo hasara kubwa ni katapila kulala bila kazi, mtu aliyesimama kuhubiri habari za makufuli angepewa maji ya kunywa na kuambiwa akapumzike kivulini.

Katika hali hiyo ulizaliwa, ukakua, ukawa desturi ya ulimwengu mzima, ule ufunguo wa wote. Viwanda vikubwa, kila kimoja kwa wakati wake, viliamua kwamba mitambo yao ya aina nyingi itaitikia ufunguo mmoja. Ule wa Caterpillar unajulikana kwa namba ya kipuri chake, 5P8500. Wa Komatsu ya Japani kwa namba 787. Wa Hitachi kwa alama H800. Ushike mmoja mkononi: ni kipande cha chuma bapa, kifupi kuliko kidole cha shahada, chenye meno machache yasiyo na fahari yoyote, ambacho fundi wa kuchonga funguo katika kibanda cha sokoni anaweza kukinakili kabla chai yake haijapoa. Kwa kipande hicho mtu aliweza kuliwasha buldoza lililo Mombasa, na lililo Muscat, na lililo Chicago, maadamu yote yametoka kiwanda kimoja katika zama moja. Hata leo yapo maduka yanayouza shada la funguo kadhaa katika pete moja, lenye viwanda karibu vyote vya dunia, kwa bei isiyozidi ya jozi ya viatu.

Msomaji asiharakishe kucheka. Desturi hii ilikuwa na akili yake. Mtambo wa ujenzi hauna bwana mmoja kama nyumba. Una zamu ya mchana na zamu ya usiku, una dereva na utingo wake, una fundi ambaye lazima ausogeze ili aone ugonjwa wake, una mtu wa mafuta apitaye na lori lake saa za jioni wakati madereva wamekwisha kwenda zao, una nyapara ambaye mvua ikinyesha ghafla hutaka mitambo yote 20 iondolewe bondeni kabla mto haujashuka. Kama kila mmoja ungekuwa na ufunguo wake, nyapara yule angehitaji mfuko wa funguo mzito kama wa bawabu wa jela, na ufunguo mmoja ukidondoka katika tope, na tope ndilo lililo tele katika ujenzi, mashine yenye thamani ya nyumba nzima ingesimama kwa sababu ya chuma cha senti chache. Ufunguo wa wote ulikuwa mkataba usioandikwa, uliosema hivi: waliomo kambini ni watu wa kambi, na amana ya kazi ni yao wote. Mkataba huo ulidumu kwa sababu kambi zilikuwa mbali, barabara zilikuwa mbovu, na mtu asingeweza kulificha katapila chini ya kitanda chake.

Barabara zikawa nzuri. Hilo, ambalo lilikuwa tunda la mitambo yenyewe, ndilo lililoifungulia njia ya kuibiwa, kwa maana mahali ambapo katapila limepita na kusawazisha, lori la kubebea katapila nalo hupita. Katika Marekani, Uingereza na kwingineko ujenzi ulihamia pembezoni mwa miji mikubwa na kando ya njia kuu. Kampuni za kukodisha zikawa na mitambo maelfu iliyotawanyika kwa wapangaji wasiojuana. Na soko la mitambo iliyotumika likaenea mabara yote. Gari dogo lina namba mbele na nyuma, lina kadi yake serikalini, na askari wa barabarani hulitambua. Kijiko cha kuchimbia aghalabu hakina hata kimoja cha hivyo, ila kibati chenye namba ya kiwandani ambacho hung'olewa kwa bisibisi. Basi mwizi alikuja mchana, amevaa kofia ya kazi na koti la rangi ya chungwa, akachomeka ufunguo wake halali kabisa, akapakia, akaaga. Makadirio yaliyotajwa kwa miaka mingi huko Marekani yaliiweka hasara ya wizi huo baina ya dola milioni 300 na bilioni 1 kwa mwaka, na mitambo iliyopata kurudi kwa wenyewe ilikuwa chini ya robo ya ile iliyoibiwa.

Dawa ilitoka mahali ambapo hakuna mjenzi angeitafuta. Mwaka 1945, mjini Moscow, watoto wa Kisovieti walimtunuku balozi wa Marekani nembo kubwa ya nchi yake iliyochongwa katika mti kwa ustadi, naye akaitundika nyumbani kwake. Ikakaa ukutani hapo mpaka mwaka 1952, ilipogunduliwa kwamba ndani yake mlikuwa na chombo cha kudukiza kilichobuniwa na Léon Theremin. Kilichowashangaza mafundi ni kwamba chombo hicho hakikuwa na betri wala waya. Kilikuwa kimya kama jiwe mpaka wimbi la redio lilipotumwa kutoka nje kukigusa, na hapo kilizinduka kwa nguvu ya wimbi lenyewe, kikarudisha jibu, kisha kikafa tena mara wimbi lilipokatwa. Mwaka 1948 Harry Stockman aliandika makala ya kitaalamu juu ya mawasiliano kwa nguvu inayorudishwa. Na mwaka 1973 Charles Walton alipata hataza ya mlango unaofunguliwa kwa kadi isiyo na betri, ambayo kampuni ya makufuli ya Schlage iliichukua kwa leseni. Hila ya wapelelezi ilikuwa imekwisha kuwa kitasa.

Katika mtambo wa ujenzi hila hiyo hufanya kazi hivi. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo hutiwa chipu ndogo kama punje ya mpunga, pamoja na koili ya waya mwembamba. Na kulizunguka tundu la swichi hufichwa koili nyingine. Ufunguo ukifika tunduni, koili ya mtambo hutoa wimbi la sumaku, aghalabu la kilohezi 125, nalo huiamsha chipu iliyokuwa maiti. Hapo hupita mazungumzo ambayo Mswahili yeyote atayatambua, maana ni hodi. Sisi mtu akibisha huulizwa, "Nani?" naye hujibu, "Mimi," na jibu hilo, ambalo kwa mantiki halimwambii mwenye nyumba jambo lolote, hutosha, kwa sababu sauti ndiyo inayotambuliwa, si neno. Mtambo nao huuliza, ila kila mara huuliza swali jipya: hutupa tarakimu zilizookotwa kwa bahati, na chipu huzichanganya na siri iliyozaliwa nayo, ikarudisha matokeo; nao mtambo, ambao unaijua siri ile ile, hufanya hesabu hiyo hiyo upande wake na kulinganisha. Yakioana, stata huzunguka. Yasipooana, stata haitoi sauti, bomba la dizeli hubaki limefungwa kwa vali yake ya umeme, na katika mitambo mingine hata oili ya kuinulia mkono wa kijiko hukatazwa kupita. Kwa hiyo mwenye kipande cha chuma chenye meno sahihi kabisa hukaa juu ya kiti akigeuza na kugeuza, kama mgeni anayebisha nyumba ya watu waliohama.

Magari madogo yalitangulia. Kampuni ya General Motors iliitia Corvette ya mwaka 1986 ufunguo wenye punje ya kuzuia umeme, ya kadiri moja kati ya 15. Na baada ya chipu za redio kuenea katika miaka ya 1990, sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1995 ililazimisha magari mapya ya abiria yawe na kizuizi cha namna hiyo, na kufikia Oktoba 1998 ikawa ndiyo hali ya kila gari jipya. Mitambo ya ujenzi haikutajwa katika sheria hiyo, na ufunguo wa wote ukaendelea kutawala matopeni hali umekwisha kufukuzwa barabarani. Viwanda vilianza kutoa funguo za chipu kidogo kidogo, mara nyingi kama ziada ya kulipiwa, na mnunuzi aliyehesabu kila senti alisema bima italipa. Uingereza ilijaribu kwanza njia ya usajili: mwaka 2007 chama cha watengenezaji wa mitambo kilianzisha mpango wa CESAR, wa vibao vya pembetatu na alama za siri zilizotapakazwa mwilini mwa mashine. Kisha mwaka 2023 Bunge lao likapitisha sheria ya kuzuia wizi wa vifaa, ambayo ilikusudia kwanza pikipiki za magurudumu manne za mashambani, ikaacha mlango wazi wa kuingiza vifaa vingine.

Japani ndiko ambako jambo lilichukua sura ya mchezo wa kuigiza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walitokea huko majambazi walioiba vijiko vya kuchimbia, si kwa kuviuza, bali kwa kuvitumia usiku huo huo: walikiendesha kijiko mpaka penye mashine ya benki ya kutolea fedha, wakaling'oa sanduku la noti pamoja na ukuta wake kama mtu ang'oavyo muhogo, wakapakia, na kukiacha kijiko pale pale kikinguruma. Kampuni ya Komatsu, ambayo haikupendezwa kuona alama yake katika picha za magazeti kila asubuhi, ilikuwa na chombo ilichokiita Komtrax, chenye kupokea mahali kilipo kutoka kwa setilaiti na kuipasha habari kampuni kwa njia ya redio. Na kwa chombo hicho injini iliweza kunyimwa ruhusa ya kuwaka kutoka mbali. Mwaka 2001 ilianza kukitia katika mitambo yake ya Japani bila ya mnunuzi kukiomba. Hapo ufunguo ulipiga hatua ambayo haikupata kuonekana tangu komeo la Wamisri: siri ya kufungua haikuwa tena kwa mtu aliyesimama mbele ya mlango.

Hata hivyo hakuna siri isiyo na mdadisi. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wenzao wa maabara ya RSA walionyesha kwamba chipu moja iliyokuwa katika mamilioni ya funguo za magari, ambayo siri yake ilikuwa na tarakimu 40 za sifuri na moja, yaani michanganyo zaidi ya bilioni elfu moja, iliweza kufumbuliwa na kunakiliwa kwa vyombo visivyo vya gharama kubwa. Viwanda vikarefusha siri, wadadisi wakarefusha subira. Na mwizi wa kawaida, ambaye si mwanachuoni, akaona ni rahisi zaidi kuubeba mtambo ukiwa umelala kuliko kuujadilisha.

Lakini badiliko lililogusa maisha ya wafanyakazi zaidi kuliko wizi lilikuja kimya. Ufunguo uliokuwa na siri yake wenyewe ulikuwa na jina pia, na chenye jina huandikwa. Katika kambi nyingi kubwa leo dereva hupewa kadi au kifungo chake, na mtambo humkubali yeye aliyefuzu kuuendesha na kumkataa utingo anayejaribu bahati yake wakati wa chakula, jambo ambalo limeokoa miguu na roho za watu. Na papo hapo huandika saa aliyokaa kitini, saa aliyoshuka, na dakika alizouacha unanguruma bila kazi. Ufunguo umekuwa daftari la nyapara. Dereva wa zamani alijulikana kwa namna alivyomwamsha mama kwa mtoto wake. Wa sasa anajulikana kwa orodha inayosomwa na mtu ambaye hajapata kulitia vumbi koti lake.

Na daftari hilo halimo kambini. Mwaka 2022 zilitangazwa habari za mashine za kilimo za John Deere, zenye thamani iliyokaribia dola milioni 5, zilizochukuliwa na askari wa Urusi kutoka kwa muuzaji wa Melitopol katika Ukraini na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Chechnya, na kule zilipofika zikakataa kuwaka, kwa kuwa zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Wengi walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Wachache waliuliza: ikiwa aliye mbali anaweza kumfungia mnyang'anyi, ni nini kinachomzuia kumfungia mwenye mali? Wakulima wa Marekani walikuwa wakiuliza hivyo kabla ya vita, wakidai haki ya kutengeneza trekta zao wenyewe, na jimbo la Colorado likawapa sheria yao mwaka 2023. Kwetu swali hilo huja katika nguo za kawaida zaidi: greda limesimama katika barabara ya vumbi, ufunguo wenye chipu umeanguka mtoni, na fundi wa kijiji ambaye angeunganisha nyaya mbili na kuokoa siku, sasa hukaa chini ya mti pamoja na wengine, wakimngoja kijana mwenye kompyuta atoke mjini, siku mbili za safari, aje amfundishe mtambo jina la ufunguo mpya.

Kisha usiku huingia, na hapo desturi ya kale huonekana ingali hai. Katika kambi zetu za barabara, betri hufunguliwa na kulazwa ndani ya hema, na mlinzi hukoka moto wake kati ya mitambo, kwa sababu kinachotafutwa gizani aghalabu si katapila zima bali dizeli iliyomo tumboni mwake, na anayekuja na mpira na madumu hana haja ya kuwasha injini. Mfuniko wa tangi hauulizi swali la tarakimu. Anayeuliza ni yule mzee penye moto: "Nani?" na gizani hujibiwa, "Mimi," na sauti ikiwa ni ya mtu wa kambi, kama inavyokuwa mara nyingi, kwa maana kikulacho ki nguoni mwako, basi usalama wa mali yote ile umo katika jibu atakalolitoa mzee huyo. Tajiri aliyenunua funguo zinazomtambua mtu kwa siri, kisha akamwacha mlinzi wake miezi miwili bila mshahara, amefunga mlango wa mbele na kuuacha wa uani wazi.